Kumbukumbu Isiyokumbuka: Uhakiki wa Bidhaa za Gome la Mwaloni wa Ureno

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Swali la mtihani tunalijua kwa moyo: onyesha jinsi fani ilivyobeba maudhui. Katika makala hii naliuliza swali hilohilo kwa vitu vitano vilivyo juu ya meza yangu, ingawa hakuna hata kimoja kilichoandikwa na mtunzi. Kuna pochi ya kike yenye picha ya jogoo, kadi ya posta, kisahani cha kuwekea glasi, kizibo cha chupa ya mvinyo, na chombo cha chakula chenye mfuniko na mkono wa mbao. Vyote vimetokana na gome la aina moja ya mti, mwaloni wa vizibo, unaoota Ureno na katika nchi nyingine za magharibi ya Bahari ya Mediterania kama Hispania, Moroko na Algeria.

Vililetwa Kampala na binamu yangu aliyesoma Ureno kwa miaka miwili. Pochi, kadi na kisahani alivinunua Lisbon, katika duka la watalii ambamo, kwa maneno yake, kila kitu kilikuwa cha gome: kofia, mikanda, miavuli, viatu, hata tai. Kizibo alikiweka baada ya sherehe ya mahafali yake. Chombo cha chakula alikipata katika soko la vitu vya zamani mjini Évora, kwa bei ndogo kuliko ya pochi. Alipokuwa akinigawia alisema, "Hicho kikuukuu hata ukikitupa, dada, si neno. Zawadi yako ni pochi." Naona alikosea. Naona pia kwamba kosa hilo si lake peke yake, kwani ndilo duka la watalii linalomfundisha mnunuzi.

Hoja yangu ni kwamba bidhaa ya gome huwa nzuri pale inapolihitaji gome, yaani pale ambapo kazi yake isingefanyika vizuri hivyo kwa kitu kingine. Huwa dhaifu pale inapolivaa gome kama sare. Udhaifu huo haukomei kwenye urembo. Sisi Waganda tuna gome letu, lubugo, na mara kwa mara tunasikia ushauri kwamba tuwaige Wareno: tushone mikoba, tuuzie watalii, na mti wetu utaokoka. Nitajaribu kuonyesha kwamba ushauri huo unasoma vibaya mfano wa Ureno wenyewe.

Kizibo na jina lake

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo fani yetu. Kiswahili hakina jina moja linalotumiwa na wote kwa malighafi hii. Tunacho kizibo, neno litokanalo na kitenzi ziba, nalo linataja kazi. Kizibo chaweza kuwa cha plastiki, cha bati, au gunzi la mhindi lililochomekwa kwenye mdomo wa kibuyu. Wareno waliokaa pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16 na 17 waliacha katika Kiswahili maneno kama meza, bendera, leso na mvinyo. Tulipokea jina la kinywaji, hatukupokea jina la gome linaloziba chupa yake. Kwao gome hilo lina jina lake, cortiça, na mti wake una jina lake, sobreiro, mbali na mialoni mingine.

Hata hivyo gome hilo lilifika kwetu bila kutajwa. Kizibo cha bati cha soda, ambacho kila mtoto wa huku amekichezea, kilibuniwa Marekani na William Painter, aliyepewa hataza yake mwaka 1892. Kwa miongo mingi ndani ya kizibo hicho kulikuwa na kipande chembamba cha gome la mwaloni, hadi plastiki ilipochukua nafasi yake. Mpira wa kriketi, mchezo unaochezwa katika shule zetu, una gome hilo katika kiini chake. Mbao nyingi za matangazo zinazochomwa pini ni za gome hilo lililosagwa na kukandamizwa.

Sioni haya kwamba neno letu linataja kazi tu. Neno kizibo linauliza kitu kinafanya nini kabla ya kuuliza kimetengenezwa kwa kitu gani, na hicho ndicho kipimo nitakachotumia katika uhakiki huu.

Mti na miaka yake

Hatuwezi kuhakiki kazi bila kujua mazingira yaliyoizaa. Karibu nusu ya gome lote la mwaloni linalovunwa duniani hutoka Ureno, hasa eneo la Alentejo, kusini mwa mto Tagus. Huko mialoni husimama mbalimbali, na chini yake hulishwa ng'ombe, kondoo na nguruwe. Nchi hiyo ina zaidi ya hekta 700,000 za miti hii. Sheria inakataza kuikata bila kibali, na Desemba 2011 Bunge la Ureno liliutangaza mwaloni huu kuwa mti wa taifa.

Kinachovunwa ni gome la nje tu, na mti huachwa umesimama. Hungojewa miaka 25 hivi, hadi mzingo wa shina ufike sentimita 70, ndipo uvuliwe gome la kwanza. Gome hilo ni gumu na lina mipasuko mingi, kwa hiyo halifai kwa kizibo. Baada ya hapo sheria inataka ipite angalau miaka 9 kabla ya kuvuna tena. Gome la pili nalo halijatulia. Ni gome la tatu, mti ukiwa na umri wa miaka 43 hivi, ndilo linaloweza kutoa kizibo kizuri cha chupa. Anayepanda mwaloni huu anampandia mwanawe au mjukuu wake. Mmoja ulio maarufu, ulioko Águas de Moura, ulipandwa mwaka 1783 na umevunwa zaidi ya mara 20. Mwaka 2018 ulichaguliwa kuwa Mti wa Mwaka wa Ulaya.

Mavuno hufanyika kati ya Mei na Agosti, wakati gome linapobanduka kwa urahisi. Wavunaji hufanya kazi wawili wawili kwa shoka. Ubapa wa shoka hulipasua gome kwa wima, kisha ncha ya mpini huingizwa katika ufa na kulibandua. Mkono ukizidisha nguvu, shoka hugusa tabaka hai lililo ndani na mti hubaki na kovu linaloharibu mavuno yajayo. Kwa sababu hiyo kazi hii ni ya mafundi, na ni miongoni mwa kazi za shamba zinazolipwa vizuri zaidi Ureno. Wakimaliza, shina hubaki na wekundu wa udongo, na juu yake huandikwa kwa rangi tarakimu ya mwisho ya mwaka huo. Mti uliovunwa mwaka 2019 huandikwa 9, uliovunwa mwaka 2023 huandikwa 3. Apitaye hahitaji daftari kujua zamu ya mti itafika lini.

Namwomba msomaji aikumbuke tarakimu hiyo. Nitaihitaji tena nitakapofika kwenye maudhui.

Fani ya vitu vitano

Nianze na kisahani cha glasi, kwa kuwa ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote na hakijidai. Kimetengenezwa kwa chembechembe. Vizibo vinapotobolewa kutoka kwenye gome, sehemu kubwa ya gome hilo hubaki kama masalio. Masalio hayo husagwa, huchanganywa na gundi na kukandamizwa kuwa bamba. Ukikitazama kisahani changu kwa karibu unaona chembe za hudhurungi za rangi mbalimbali, kama kashata ya karanga. Kinafanya kazi yake: hakitelezi, hakipitishi joto la kikombe hadi kwenye meza, kinakunywa matone. Hakuna picha juu yake. Ningekipa alama nzuri kwa sababu fani yake inasema ukweli kuhusu asili yake: haya ni mabaki, na mabaki yana kazi.

Kadi ya posta ni kinyume chake. Ni kipande chembamba cha gome kilichobandikwa kwenye karatasi, na juu yake imechapwa tramu ya njano ya Lisbon. Nilijaribu kuandika upande wa gome, kalamu ikaruka kila ilipokutana na kitundu. Upande wa karatasi unaandikika kama kadi yoyote ile. Kwa hiyo gome halina kazi hapa, na tramu haina uhusiano na gome. Najua kwamba mwaka 2007 Posta ya Ureno ilitoa stempu iliyochapishwa juu ya gome, na sina ugomvi nayo. Stempu ni tangazo la taifa, na taifa linapochapa stempu juu ya gome la mti wake linasema jambo kuhusu mti huo. Kadi yangu inasema jambo kuhusu tramu.

Sasa pochi. Kwa nje inapendeza. Ni nyepesi, laini kama ngozi ya mbuzi iliyokanyagwa vizuri, na michirizi yake hairudiwi na pochi nyingine yoyote. Lakini nilipofungua bitana kwa wembe (binamu yangu anisamehe) niliona inavyojengwa. Gome ni utando mwembamba mno uliogandishwa juu ya kitambaa, na kitambaa ndicho kinachobeba uzito. Ndani kuna bitana ya nailoni, zipu, na sponji ya kuipa unene. Gome haliwezi kushikilia mshono peke yake likiwa jembamba hivyo. Katika pochi hii gome ni rangi ya usoni.

Halafu kuna jogoo. Ni jogoo wa Barcelos, ambaye hadithi yake ni ya mji wa Barcelos kaskazini mwa Ureno, na ambaye umbo lake la asili ni sanamu ya udongo iliyopakwa rangi. Gome ni la Alentejo, kusini. Duka limewakutanisha kwenye pochi kwa sababu vyote viwili vinatambulikana kuwa vya Ureno. Katika fasihi tungesema mtunzi amejaza tamathali mbili zisizosaidiana ili msomaji asiwe na shaka kwamba anasoma shairi.

Kizibo kinastahili heshima zaidi kuliko kinavyopewa. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu chake Micrographia, na humo alieleza alichokiona alipotazama kipande cha gome hili kwa hadubini: vyumba vidogo vidogo vilivyotengwa kwa kuta. Aliviita kwa neno la Kiingereza ambalo biolojia inalitumia hadi leo kwa seli. Vyumba hivyo vimejaa hewa, na kuta zake zina nta isiyopitisha maji. Ndiyo maana ukikibana kizibo kinarudi, na ukikikandamiza upande mmoja hakifuri upande mwingine, jambo ambalo mpira hauliwezi. Kinaingia katika shingo ya chupa kikiwa kimebanwa na kinabaki kikiisukuma kuta miaka na miaka. Kizibo changu kina muhuri mdogo uliofifia na doa la zambarau chini. Kila sehemu ya umbo lake inatokana na kazi yake.

Cha mwisho ni chombo kikuukuu. Kwao kinaitwa tarro. Ni hotipoti ya mchungaji na kibarua wa shamba wa Alentejo kabla ya plastiki na chuma. Ukuta wake ni kipande kimoja kinene cha gome kilichokunjwa kufuata mviringo wa shina lenyewe. Kitako na mfuniko ni vipande viwili vingine. Vimeshikanishwa kwa vijiti vya mbao. Mkono wa mbao unapita juu ya mfuniko na kuukaza usifunguke njiani. Hakuna gundi niliyoiona, wala maandishi, wala nembo. Karibu na mdomo mtu alichonga mistari mitatu ya mawimbi kwa kisu, kisha kwa upande mmoja akaacha mstari wa nne bila kuumaliza.

Nilikijaribu. Jumatatu moja saa tatu asubuhi nilitandika jani la mgomba ndani yake, nikatia matoke na mchuzi wa karanga, nikakibeba hadi chuoni. Saa saba mchana nilikifungua mbele ya wenzangu. Matoke yalikuwa na uvuguvugu wa kutosha kula bila kulalamika, na nje ya chombo mkono haukuhisi joto lolote. Wenzangu walikicheka kwanza, kisha wakakipitisha mkono kwa mkono. Hapo fani na maudhui ni kitu kimoja: gome lililoukinga mti dhidi ya jua na moto wa msituni linakinga chakula dhidi ya baridi.

Maudhui: ukumbusho wa nini?

Vitu vya watalii tunaviita kumbukumbu, au zawadi za ukumbusho. Jina hilo ni ahadi. Swali la maudhui basi ni hili: kitu hiki kinakumbusha nini?

Pochi inakumbusha kwamba mnunuzi alifika Ureno. Haikumbushi zaidi ya hapo. Shambani mti ulibeba tarakimu ya mwaka wake, na mvunaji aliweza kusoma historia ya shina kwa kulitazama. Dukani tarakimu hiyo imepotea. Lebo ya pochi yangu inasema kwamba kitu hiki ni cha asili na ni rafiki wa mazingira. Haisemi kwamba mti wake ulisubiriwa miaka 25 kabla ya kuguswa. Haimtaji mtu wa shoka. Haisemi lolote kuhusu nailoni iliyo ndani. Neno asili hapo linafanya kazi ileile ya jogoo: linamtuliza mnunuzi.

Tarro haina lebo, lakini inakumbuka. Unene wa gome unaonyesha miaka ya kungojewa, na unaweza kuihesabu katika mistari ya ukuaji kwenye mdomo wa chombo, kama mtu anavyohesabu pete za mti. Mviringo wake unakumbuka shina. Mistari mitatu na nusu ya mawimbi inakumbuka mchana mmoja wa mtu aliyekuwa na kisu na kondoo wa kutazama.

Najua jibu nitakalopewa, na ni jibu zito. Mtu atasema: wewe unahakiki urembo, huku watu wa Alentejo wanahitaji kuuza. Tangu miaka ya 1990 vizibo vya plastiki na vifuniko vya bati vya kusokota vimechukua sehemu ya soko la mvinyo, hasa kwa sababu gome lenye kasoro linaweza kuipa mvinyo harufu ya uvundo. Mwenye shamba asipoona faida katika mwaloni atatafuta zao jingine. Kila pochi inayouzwa ni sababu moja zaidi ya kuuacha mti usimame. Je, mhakiki ana haki gani ya kuidharau?

Sikubaliani na jibu hilo kwa sababu ya hesabu. Takriban asilimia 70 ya thamani ya bidhaa za gome ambazo Ureno inauza nje hutokana na vizibo. Kinachofuata ni vifaa vya ujenzi kama vigae vya sakafu na mabamba ya kuzuia joto na sauti. Pochi, kofia na miavuli ni sehemu ndogo sana, na utando wao ni mwembamba kiasi kwamba gome la mti mmoja latosha pochi nyingi mno. Msitu wa Alentejo unasimama juu ya mgongo wa kizibo, kile kitu ambacho mnywaji hukitupa bila kukitazama. Pochi inakuja dukani ikiwa imeegemea kizibo, na inajisifu kwa kazi ambayo kizibo kimeifanya.

Simaanishi kwamba bidhaa mpya za gome haziwezekani. Mwaka 2004 Mwingereza Jasper Morrison alibuni kwa kampuni ya Vitra viti vidogo vya gome, vilivyochongwa kama gurudumu la cherehani la mbao. Ni vinene, ni vyepesi kubeba, havipigi kelele vikisogezwa, na vinastahimili kukaliwa. Mwaka 2012, katika bustani ya Serpentine mjini London, wasanifu Herzog & de Meuron pamoja na msanii Ai Weiwei waliweka ndani ya banda lao sakafu na viti vya gome, na watu wakakaa. Hizo ni bidhaa za kisasa na za bei kubwa, lakini zinapita kipimo cha tarro: zinatumia unene, wepesi na ulaini wa gome. Gome linafanya kazi ndani yake.

Lubugo na ushauri mbaya

Kwa nini mwanafunzi wa Uganda ajali haya? Kwa sababu na sisi tuna gome linalovuliwa mti ukabaki hai. Mutuba ni mti wa jamii ya mikuyu. Katika majira ya mvua fundi huuvua gome la ndani, hulifunga shina kwa majani ya mgomba lisikauke, kisha hulipiga gome kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi lipanuke na kuwa nguo laini yenye rangi ya udongo mwekundu. Mti huota gome jingine na unaweza kuvuliwa tena mwaka baada ya mwaka. UNESCO ilitangaza ufundi huu kuwa kazi bora ya urithi mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika.

Lubugo ilikuwa nguo ya kila siku ya Waganda. Iliyoiondoa mwilini ilikuwa pamba, na pamba ililetwa na misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka pwani katika karne ya 19. Misafara hiyohiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili katika ikulu ya Kabaka. Nasema hili bila uchungu, ila sidhani mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Uganda anaweza kuandika kuhusu magome na kulinyamazia. Lugha ninayoandikia na nguo iliyoichukulia lubugo kazi yake zilisafiri kwa njia moja.

Leo lubugo imebaki katika sherehe za kifalme, katika matambiko, na zaidi ya yote katika mazishi. Na imeingia dukani. Katika maduka ya watalii ya Kampala utaikuta imekuwa kofia, mkoba, jalada la Biblia, kitandiko cha sahani, picha ya twiga. Twiga huyo ni ndugu wa jogoo wa Barcelos.

Nilikwenda kwa mzee mmoja anayepiga lubugo, upande wa Masaka, nikiwa na pochi na tarro mkobani. Aliigeuza pochi, akaipiga kidole, akasema, "Mjukuu wangu, hii ni nguo iliyopakwa mti." Tarro aliinusa, akaifungua na kuifunga mara tatu. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Kila mahali palipokuwa na tawi, lubugo hutoka na tundu, na fundi huliziba kwa kiraka na uzi. Viraka hivyo ni sehemu ya nguo, na mwenye kujua huwatambua mafundi kwa mshono wao. "Wanaotaka kuzika," alisema, "huchukua nguo nzima na viraka vyake. Wa mikoba hutaka vipande visivyo na kovu. Wananiachia viraka." Nilimuuliza kama ni afadhali wasije. Akacheka. "Waje, jjajja. Ada ya shule hailipwi na maiti."

Sitaki kumsahihisha. Lakini ushauri wa "fanyeni kama Ureno" unasahau kwamba Wareno hawakuokoa mwaloni wao kwa pochi. Waliuokoa, au tuseme bado wanaupigania, kwa kizibo: kitu cha kila siku, kinachohitajika kwa mamilioni, ambacho gome linakifanya vizuri kuliko kitu kingine. Pochi yao ikiwa dhaifu, msitu hautikisiki. Sisi hatuna kizibo. Kazi ya kila siku ya lubugo ilichukuliwa na pamba, kwa hiyo mkoba wetu hauna cha kuegemea. Ukiwa dhaifu, ukiwa ni twiga aliyechapwa juu ya kipande kisicho na kovu, mtalii ataununua mara moja katika maisha yake, na fundi ataendelea kupiga gome kwa ajili ya wafu peke yao.

Hitimisho

Uhakiki hauwezi kumwambia fundi atengeneze nini. Unaweza kumpa maswali, na mimi napendekeza matatu, kwa bidhaa za mwaloni na za mutuba pia. La kwanza: kitu hiki kingekuwa dhaifu zaidi kama gome lingeondolewa? Pochi yangu isingekuwa, tarro isingekuwepo kabisa. La pili: kovu, kiraka, mstari wa ukuaji vimeachwa vionekane au vimekatwa? La tatu: aliyekinunua atakihitaji tena kesho?

Kwa lubugo, naona majibu yapo mahali ambapo nguo nzima inahitajika na viraka haviharibu kazi: pazia, kigawanyo cha chumba, kitambaa cha ukutani cha kupunguza mwangwi katika kumbi zetu, ambazo kila mhadhiri anajua zinavyopiga kelele. Hilo la mwisho ndilo soko la pili la gome la Ureno baada ya kizibo, na halihitaji twiga. Sijui kama litafaa kwa bei ya mzee wa Masaka. Najua tu kwamba ni swali bora kuliko lile la mkoba wa rangi gani.

Na kwa wenzangu wa Kiswahili: tuna neno kwa kazi ya gome hili na hatuna neno kwa gome lenyewe. Kwa lubugo mambo ni kinyume, tuna jina na kazi imepotea. Jina bila kazi halikuwatosha Waganda. Tusifikiri litawatosha wengine.

Binamu yangu amesoma rasimu ya makala haya. Amesema pochi ni nzuri, kwamba mimi sina macho, na kwamba nishone bitana niliyoichana kisha nimrudishie. Nimeishona na nimemrudishia. Hajaniomba tarro, na sasa siwezi kumpa, kwa sababu kila Jumatatu ina matoke ndani.